Kutoka Dar hadi Mbeya, Kupitia Rujewa

Nilipokuwa mtoto Rujewa, neno ndege lilikuwa na maana mbili. Mpunga ulipoanza kukomaa, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia. Tuliamshwa gizani, tukaenda kwenye majaruba na kopo la kugonga na kombeo, tukashinda huko tukipiga kelele ili kweleakwelea wasitue. Halafu kulikuwa na ndege nyingine, zile zilizopita juu kabisa, karibu bila sauti, zikiacha mstari mweupe kutoka kaskazini kwenda kusini. Tofauti ilikuwa kwenye matamshi yetu tu: hawa tuliwafukuza, zile tulizipungia mkono. Hawa tulijua wanalala wapi, kwenye matete ya Ihefu. Zile hatukujua zinatoka wapi wala zinalala wapi.

Siku moja nilimuuliza baba zinakwenda wapi. Baba alikuwa mtu wa barabara, na kila kitu alikipima kwa barabara. Aliangalia juu kidogo, akasema, "Huko hakuna stendi. Hata ukijua zinakokwenda, hazikubebi."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima na nina kazi Dar es Salaam, nilichukua ramani na rula kujibu swali lile mwenyewe. Mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi Johannesburg, takriban kilomita 2,900, unapita karibu kabisa juu ya Rujewa. Ndege inauruka kwa saa nne hivi. Inawezekana kabisa kwamba zile tulizozipungia mkono zilikuwa za njia hiyo, na kwamba tulikuwa karibu na mwisho wa theluthi ya kwanza ya safari ya watu ambao hawakujua kama tupo.

Nikapiga mstari wa pili, kutoka Dar es Salaam hadi Uwanja wa Ndege wa Songwe, Mbeya. Huo ni wa kilomita 690 hivi. Nao unapita juu ya Usangu, kilomita kumi na kitu kaskazini ya nyumba yetu. Wakati ule niliona ni jambo la kufurahisha tu, la kuwaonyesha wenzangu ofisini. Machi 2024 ndipo nilipoelewa maana yake.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, mama alipiga simu. Baba alikuwa amepata kiharusi mara ya pili. Alikuwa anaongea, lakini kwa shida, na mwenyewe alikataa kupelekwa hospitali Mbeya. "Njooni," mama alisema. Hakusema zaidi.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa Dar wote wawili. Nilifungua simu nikatazama ndege. Ya jioni hakukuwa na nafasi. Ya asubuhi ilikuwepo. Saa moja na dakika ishirini angani, ilisema. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia asubiri, nimkatie tiketi, tuondoke pamoja alfajiri. Akanijibu, "Kaka, wewe panda ndege. Mimi kuna basi la saa kumi na mbili, natangulia." Nikaona anapoteza muda wake: saa 12 barabarani, kwa kitu ambacho mimi ningekifanya kwa saa moja na kidogo.

Nimeifikiria hesabu ile mara nyingi tangu hapo, na kila nikiifikiria najikuta narudi nyuma zaidi, kwenye historia ya njia hii yenyewe. Maana si mimi wa kwanza kuhesabu umbali huu kwa miji ya mwanzo na mwisho, nikaisahau ya katikati.

Kabla ya gari na reli, mtu wa Usangu alipima safari kwa idadi ya kulala. Misafara ya pwani ilitembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku, na safari ya kutoka Bagamoyo mpaka Utengule, kwa Mtemi Merere, ilikuwa ya mwezi mmoja na nusu ukiacha siku za kupumzika, za mvua na za vita. Wengine waliofika hawakurudi. Wabulushi waliokuja na misafara hiyo walibaki Usangu, wakaoa, na baadaye wao ndio waliokuwa kati ya watu wa kwanza kulima mpunga wa kumwagilia kwenye bonde letu. Mwaka 1877, Frederic Elton, aliyekuwa konseli wa Uingereza Msumbiji, alipita akitokea Ziwa Nyasa, akakuta Merere yumo vitani na Wahehe. Alikusudia kufika pwani, lakini alifia Ugogo Desemba ya mwaka huo. Kwa kasi ya miguu, kila mahali palikuwa na uzito: kila kijiji kilikuwa ama maji, ama chakula, ama hatari, na msafiri alilazimika kukijua kwa jina.

Kisha ikaja ndege, na hapa historia ina jambo ambalo watu wengi wa Mbeya wenyewe hawalijui. Mbeya ilikuwa kituo cha ndege za London hadi Cape Town kabla haijawa na barabara ya lami wala reli.

Waingereza walianza kuitafuta njia hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliruka kutoka Uingereza hadi Cape Town. Waliondoka mwanzoni mwa Februari, wakafika Machi 20, na njiani walibadilisha ndege mara mbili kwa sababu ya ajali. Wengine waliojaribu wakati huo huo waliishia Tabora, ndege yao ikiwa imevunjika. Mwaka 1925 Alan Cobham aliondoka London kwenda Cape Town kuichunguza njia hiyo, na mwaka uliofuata alikuwa amerudi. Halafu kampuni ya Imperial Airways ikaanza safari za ratiba. Februari 28, 1931, huduma ilianza kutoka Croydon, London, hadi Mwanza. Januari 1932 ikaendelezwa mpaka Cape Town: Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill na kuendelea kusini.

Ratiba ilikuwa siku 11. Sehemu ya Ulaya abiria walikwenda kwa treni. Usiku ndege hazikuruka. Watu walilala hotelini na kuamshwa alfajiri, kama sisi tulivyoamshwa kwenda kuamia. Ndege za kwanza zilizopita kwetu zilikuwa de Havilland Hercules, za injini tatu na mabawa mawili mawili, kisha zikaja Atalanta za injini nne, zenye mwendo wa kilomita 190 hivi kwa saa. Kutoka Dodoma hadi Mbeya ni karibu kilomita 400 angani, kwa hiyo ilikuwa safari ya zaidi ya saa mbili. Abiria hawakuwa wengi. Mzigo mkubwa wa thamani ulikuwa barua.

Kwa nini Mbeya? Mji wenyewe ulikuwa mchanga, ulianza miaka ya 1920 pamoja na dhahabu ya Lupa. Uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege hupata taabu kuinuka. Ulichaguliwa kwa sababu ndege zilikuwa dhaifu. Hazikuweza kwenda mbali bila mafuta, kwa hiyo zilihitaji mji mmoja baada ya mwingine, kama msafara ulivyohitaji visima. Udhaifu wa ndege ndio uliotuweka kwenye ramani ya London.

Na nguvu ya ndege ndiyo iliyotuondoa. Mwaka 1937 Imperial Airways ilileta ndege kubwa zinazotua majini. Zilitoka Southampton hadi Durban, na baada ya Kisumu zilikata kwenda Mombasa, zikafuata pwani: Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji. Mbeya haina bahari. Kampuni ndogo ya Nairobi, Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ndiyo iliyobaki ikirusha ndege ndogo za kuunganisha miji ya bara, nayo ikaisha vita ilipoanza. Leo ndege hutoka London hadi Cape Town bila kutua, kwa saa 11 na kitu. Siku 11 zimekuwa saa 11. Mpika, Mbeya na Dodoma hazimo tena kwenye hadithi ya safari hiyo, na abiria akiulizwa alipita wapi, hana la kujibu.

Baba hakujali habari za Imperial Airways nilipomsimulia. Kwake historia ilianza Novemba 11, 1965.

Siku hiyo Ian Smith alitangaza uhuru wa Rhodesia kwa upande wa walowezi, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta na kupitisha shaba yake kwa reli ya kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Ilibidi mafuta yatoke Dar es Salaam. Barabara iliyokuwepo kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Malori yakamiminika humo, mapipa ya mafuta yakienda, shaba ikirudi. Waandishi wa Kiingereza waliiita Hell Run, njia ya jehanamu. Baba alikuwa na miaka 18 alipopata kazi ya utingo kwenye lori la Fiat.

Utingo hakai kiti cha mbele. Baba alikaa juu ya mapipa. Kazi yake ilikuwa kuweka kigingi gari likisimama mlimani, kukata matawi ya kutandika kwenye tope, na kukimbia mbele kuangalia kama daraja lipo. Alijua kila kona ya Mlima Kitonga kwa jina la gari lililotumbukia hapo. Alisema safari yake ndefu kuliko zote, mvua za 1968, ilikuwa siku 9 kutoka Dar hadi Tunduma, na kati ya hizo 3 walikwama mahali pamoja, kabla ya Igawa, karibu na kwao. Mama yake alimletea chakula barabarani kwa miguu.

Wakati huo huo, shehena ile ile ilikuwa ikipita angani. Kuanzia mwaka 1966 Zambia ilikuwa na kampuni ya ndege za mizigo, Zambian Air Cargoes, iliyotumia Lockheed Hercules kubeba shaba kwenda Dar es Salaam na kurudi na mafuta. Kutoka Ndola hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,340. Hercules inaumaliza kwa chini ya saa tatu. Jina la ndege za 1932 lilikuwa limerudi, lakini sasa Hercules haikuhitaji tena kutua Mbeya kuomba mafuta. Baba alizijua ndege hizo kwa kusikia. "Mapipa mawili," alikuwa akisema, "moja linapanda ndege, jingine linapanda na mimi. Yote yanafika Zambia. Ila lile la ndege halimjui mtu."

Ndege ilikuwa ghali mno kuitegemea daima, na tope liliua watu wengi mno. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi vilijengwa vitu vitatu kufuata njia ile ile. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilikamilika kutoka Dar hadi Ndola. Barabara ikawekwa lami kwa mikopo ya Marekani na Benki ya Dunia, ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na Wachina, pamoja na maelfu ya Watanzania na Wazambia, wakajenga TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kati ya 1970 na 1975. Siku 9 za baba zikawa siku moja ya basi, au usiku na mchana wa treni.

Vitu hivyo vitatu vilijengwa kwa ajili ya miji ya mwisho: bandari upande mmoja, migodi ya shaba upande mwingine. Lakini barabara na reli vina tabia moja ambayo bomba na ndege hawana. Haviwezi kupita mahali bila kupagusa. Lori lazima lipoe, dereva lazima ale, treni lazima ipishane na mwenzake. Ruaha Mbuyuni pakawa pa vitunguu, Ilula pakawa pa nyanya, Makambako ikawa mji, Igurusi na Chimala zikajaa mchele. Shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka hiyo hiyo ya sabini, na baba akaacha lori akaenda kuendesha trekta huko. Ndiyo maana nikazaliwa Rujewa. Mimi ni mtoto wa kituo cha njiani.

Sitaki nieleweke vibaya. Baba hakuwa mtu wa kusifu tope. Watu wanaosifu safari za zamani, alisema, ni wale waliokaa kiti cha mbele. Uwanja wa Songwe ulipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya ujenzi uliochukua miaka mingi, alifurahi kuliko sisi. Uwanja wa zamani wa Mbeya ulikuwa katikati ya mji na ulipokea ndege ndogo tu. Huu mpya una njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu. Baba alisema wagonjwa sasa watafika Muhimbili wakiwa hai, na ni kweli wapo waliofika. Alitaka hata kupelekwa kuuona. Tuliahidi mara nyingi.

Asubuhi ile ya Machi niliondoka nyumbani saa tisa usiku. Ndege iliruka saa kumi na mbili na dakika ishirini, bila kuchelewa, bila tatizo lolote. Nilikuwa nimeomba dirisha la kushoto kwa sababu ya ule mstari niliouchora kwenye ramani: Rujewa ingekuwa upande wa kushoto. Baada ya Morogoro kulikuwa na mawingu. Kwenye milima ya Iringa yakaanza kukatika. Kama saa moja na dakika ishirini na tano, ndege ikiwa imeanza kushuka, nikaiona Usangu.

Mwezi wa tatu majaruba yamejaa maji. Jua lilikuwa bado chini, likipiga ule maji kwa ubavu, na bonde zima lilimetameta vipande vipande kama bati zilizotandikwa. Nilitafuta reli, nikaitafuta barabara kuu, nikafuata kwa macho mahali ambapo mji ungekuwa. Sikuweza kuiona nyumba, bila shaka. Lakini nilijua kwamba baba yupo pale chini, kilomita zisizozidi ishirini kutoka kiti changu, na kwamba kila dakika sasa inanipeleka mbali naye. Nilikuwa nimefika. Nilipita. Dakika tano baadaye bonde likaisha.

Ndege ilitua Songwe saa mbili kasoro dakika ishirini. Nilikodi gari. Kutoka Songwe unaanza kurudi mashariki, njia ile ile uliyotoka angani, ila sasa ni kupitia jiji lote la Mbeya. Pale Mwanjelwa tulikuwa nyuma ya foleni ya malori yaliyotoka Tunduma, mengi yamebeba shaba, wajukuu wa lori la baba. Saa tatu kasoro robo simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu. Alisema tu, "Kaka, usimwambie dereva akimbize."

Nilifika Rujewa saa tano na robo. Niliruka kilomita 690 na kurudi nyuma zaidi ya 130 kwa gari ili kufika mahali ambapo, kwa mstari ulionyooka kutoka Dar, ni kilomita 565 tu. Mdogo wangu alikuwa amefika tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi. Bila ruhusa hiyo naye angesubiri alfajiri kama mimi. Basi lilimshusha njia panda, akachukua bodaboda, akaingia ndani na viatu vyake vya vumbi. Alikaa na baba saa mbili na dakika arobaini.

Nilimuuliza waliongea nini. Si siku hiyo. Ni baada ya maziko, wageni walipoanza kutawanyika. Nilitarajia anipe wosia, jambo zito, neno la kuhusu shamba au mama. Alikaa kimya kidogo kisha akacheka, cheko la mtu aliyekwisha lia sana.

"Aliniuliza njia," alisema.

Baba alimwuliza wamepita Kitonga saa ngapi. Mdogo wangu akasema saa saba na nusu usiku. Baba akauliza kama kulikuwa na malori yaliyoharibika. Yalikuwepo mawili. Akauliza ya wapi. Akauliza kama pale Mikumi waliona tembo. Akauliza kama Ruaha Mbuyuni usiku bado wanauza vitunguu kwa taa. Kila jibu alilifuata kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayehakiki hesabu. Ulimi ulikuwa mzito lakini majina ya mahali yalimtoka vizuri: Mafinga, Makambako, Halali, Igawa. Walipofika Igawa kwenye maongezi, alifumba macho. Mama akadhani amelala.

Nilimsikiliza mdogo wangu, na jambo lililoniumiza kuliko lile la kuchelewa lilikuwa hili: hata kama ningewahi, ningemjibu nini? Baba angeniuliza, "Mmepita wapi?" Ningesema, tulipanda Dar, tukashuka Songwe. Angesubiri niendelee, na mimi ningekuwa nimemaliza. Safari yangu haikuwa na mahali hata pamoja ambapo ningeweza kumpelekea.

Nimesoma tena ratiba ile ya 1932 tangu siku hiyo. Zamani niliiona kama kichekesho, siku 11 na vituo visivyohesabika. Sasa naisoma kama orodha ya mahali ambapo mtu aliulizwa ametoka wapi. Kila mara watu walipofupisha safari kati ya miji miwili mikubwa, mahali pa katikati pamelipa sehemu ya gharama. Hilo si kosa la ndege. Ndege inafanya kile tulichoiomba: itutoe huku itupeleke kule. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba namba iliyoandikwa kwenye simu ni namba yangu. Saa moja na dakika ishirini ni umbali wa Dar hadi Songwe. Haikuwahi kuwa umbali wa mimi hadi kwa baba. Ndani yake hakukuwa na usiku nilioulala nikisubiri, wala foleni ya Mwanjelwa, wala kilomita zile za kurudi.

Siku zijazo nitapanda ndege tena. Nikiwa na mgonjwa wa kupeleka Dar nitaipanda bila kufikiri mara mbili. Lakini kwa arobaini ya baba nilikata tiketi ya basi, la mchana, kiti cha dirishani. Nilitaka kuiona njia nikiwa macho. Tuliondoka Mbezi alfajiri. Mama alianza kupiga simu tukiwa bado Morogoro.

"Kamwene, baba. Mmefika wapi?"

Kila baada ya saa moja alipiga tena, na kila mara nilikuwa na jibu. Mikumi, mama, kuna twiga barabarani. Ruaha Mbuyuni, mama, vitunguu vimeshuka bei, nikuchukulie? Saa saba mchana basi likaanza kunguruma na kupunguza mwendo. Mbele yetu kulikuwa na malori sita yamefuatana, na kwenye la mwisho kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya turubai, miguu inaning'inia, kigingi cha mbao kando yake. Simu ikalia.

"Mmefika wapi sasa?"

"Tunapanda Kitonga, mama."

"Haya," alisema. "Huyo dereva asikimbize. Pale kwenye kona ya pili paliwahi kuanguka gari."

"Najua, mama. Baba alinionyesha."